Ploti ya Bei Nafuu, Mshahara wa Nani?

Serikali ya Kenya imeitangazia Dagahaley na kambi nyingine za wakimbizi za Dadaab mwisho wake mara tatu. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, aliyekuwa Naibu wa Rais, William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu uwahamishe wakimbizi wote. Mei 2016 Wizara ya Usalama wa Ndani ikarudi na tangazo lile lile, hadi Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alipoamua, tarehe 9 Februari 2017, kwamba hatua hiyo inakiuka Katiba. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i akatoa siku 14 za kuandaliwa ratiba ya kufunga, na mwezi uliofuata tarehe ya mwisho ikawekwa kuwa 30 Juni 2022. Tarehe hiyo ilipita. Dagahaley ingali pale pale, na vibanda vya sokoni bado vinapangishwa.

Mtu aliyepata pesa mahali pa namna hiyo, awe mwenyeji mwenye duka la jumla mjini Dadaab, mwenye lori la Garissa, au kijana aliyekulia Dagahaley na sasa anaendesha teksi Minneapolis, hujiuliza mapema aziweke wapi. Zamani jibu lilikuwa mifugo. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikapita mikavu, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa nchini. Hata wazee waliokuwa wakiidharau nyumba ya kodi, kwa kuwa haizai wala haikamwi, siku hizi wanaulizia ploti. Na swali lao ni moja: wapi bado ni nafuu? Eastleigh haishikiki. Ruiru imepanda. Je, Garissa mjini? Madogo? Mwingi? Isiolo?

Naona swali hilo limeanzia katikati. Bei ya ploti ni habari ya siku moja, siku ya kununua. Kodi ni habari ya kila mwezi kwa miaka 20, nayo hutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Anayejenga vyumba vya kupangisha katika mji asiokaa amenunua fungu la mishahara ya mji huo, ajue asijue. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza dalali ploti ni pesa ngapi, yafaa ujiulize mpangaji wako atalipwa na nani, na huyo mlipaji akiondoka nani atabaki.

Mji wa mlipaji mmoja

Tuanze na Dadaab yenyewe, maana ndiyo ya karibu na ndiyo ya bei ndogo. Kando ya ofisi za mashirika ya misaada, wenyeji wamejenga nyumba, maghala na vyumba vya wageni, wakapata wapangaji: madereva, wakandarasi, maafisa wa mashirika, wafanyabiashara wa kutoka Garissa na Nairobi. Ndani ya kambi, mwenye kibanda sokoni humpangishia mwingine kwa maafikiano ya mdomo mbele ya wazee. Mapato ni ya kweli, na kuna watoto waliosomeshwa kwa kodi hizo.

Lakini ifuate hiyo shilingi hadi chanzo chake. Mwenye duka Dagahaley analipa kodi kwa sababu wateja wake wananunua. Wateja wananunua kwa sababu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likiwatumia sehemu ya mgao kwa simu, utaratibu wa Bamba Chakula ulioingia Dadaab mwaka 2016, na kwa sababu ndugu zao walio ng'ambo hutuma chochote. Shirika nalo hupata pesa kwa wafadhili, na mfadhili mkubwa kwa miaka mingi amekuwa Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje. Kufikia 1 Julai mwaka huo, USAID haikuwepo tena kama shirika linalojitegemea. Mgao wa chakula kambini ukapunguzwa, mashirika yakapunguza wafanyakazi, madeni yakajaa kwenye madaftari ya wenye maduka. Mtu aliyetia saini Washington hakuwahi kusikia jina la mwenye kibanda wa Dagahaley, lakini kodi ya kibanda hicho ilikuwa mikononi mwake.

Hata idadi ya watu haikuwahi kutulia. Mwaka 2011, njaa ilipoikumba Somalia, kambi za Dadaab zilipita watu 400,000, na Ifo 2 na Kambioos zikafunguliwa. Kambioos ikafungwa 2017, Ifo 2 ikafuata 2018, na idadi ikawa imeshuka hadi karibu nusu. Ukame uliofuata ukaipandisha tena. Aliyejenga 2011 kwa kuangalia msongamano wa watu alikuwa anatazama kilele, na kilele hakina kwingine kwa kwenda ila chini.

Jambo hili si la maskini peke yao. Detroit, Marekani, ilikuwa na watu 1,850,000 mwaka 1950, ikiishi kwa viwanda vya magari. Sensa ya 2010 ilikuta watu kama 714,000. Nyumba zilizotwaliwa kwa sababu ya kodi za ardhi zilipigwa mnada kuanzia dola 500, na watu wa mbali, wengine hawajawahi kukanyaga mji huo, wakazinunua kwa intaneti kwa kudhani wamewahi. Julai 2013 mji ukatangaza umefilisika. Nyumba ya dola 500 ilikuwa na bei hiyo kwa sababu wenyeji walijua kilichoondoka. Detroit ililishwa na magari na Dadaab inalishwa na misaada, na kwa mwenye nyumba hatari ni ile ile.

Je, basi mtu asijenge Dadaab kabisa? Hapana. Ila muda wa kurudisha pesa ulingane na uhai wa mlipaji. Kibanda cha mabati kinachorudisha gharama yake kwa miaka miwili ni biashara hata mahali penye tangazo la kufungwa. Nyumba ya mawe inayotaka miaka 15 mahali hapo ni kamari, na nyumba ya mawe haing'olewi ikapakiwa kwenye lori.

Garissa mjini: ihesabu hiyo mishahara

Kilomita 100 hivi kusini-magharibi, Garissa mjini inatoa picha nyingine. Ugatuzi ulipoanza 2013, mji ulipata serikali ya kaunti yenye wafanyakazi wake, na Bulla Iftin na mitaa mingine ikaanza kujaa nyumba za mawe. Kuna hospitali ya rufaa, chuo cha mafunzo ya tiba, chuo cha walimu, chuo cha ufundi, na chuo kikuu kilichopata hati yake kamili mwaka 2017. Kuna soko la mifugo ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, na Soko Mugdi lenye maduka ya nguo na vyakula. Mifuko iko mingi, na hilo ni jema.

Ila mingi ya mifuko hiyo hujazwa na bomba moja. Mwalimu, muuguzi, askari na karani wa kaunti wote hungoja Hazina ya Taifa, na Hazina ikichelewesha mgao wa kaunti, mwenye nyumba ndiye anayeambiwa "nivumilie hadi mwisho wa mwezi ujao." Mfanyabiashara wa ng'ombe hangoji Hazina, anangoja mvua. Kwa hiyo jengo lenye wapangaji sita wa kaunti lina mpangaji mmoja kwa hesabu ya hatari. Jengo lenye mwalimu, fundi wa simu, mwenye duka Soko Mugdi na mwanafunzi lina wanne.

Tena kuna jambo ambalo dalali halisemi. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa kwenye basi karibu na Mandera, walimu wakiwemo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na chuo kikafungwa hadi Januari 2016. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada yake tume ya walimu, TSC, ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Msiba ni wa waliofiwa, na hauna bei. Lakini anayetaka kujenga vyumba lazima aone pia kwamba walioondoka, yaani walimu, wauguzi na wanafunzi kutoka kaunti nyingine, ndio waliokuwa wakipanga. Mwenyeji ana nyumba ya ukoo. Mgeni ndiye hutafuta bedsita. Jengo lililojaa wageni mwezi Machi linaweza kuwa na funguo zote mkononi mwa keateka mwezi Mei.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayenakili ramani ya bedsita za Juja na kuipeleka Garissa. Juja ina chuo kikubwa cha Jomo Kenyatta na barabara ya Thika inayomfikisha mtu kazini Nairobi, kwa hiyo chumba kimoja kina mtu wa kukitaka kila siku. Mpangaji wa kudumu Garissa ni familia: mama, watoto, pengine bibi, na jamaa aliyetoka Wajir kutibiwa. Anataka ua wenye ukuta, vyumba viwili au vitatu, choo cha nje na cha ndani, tangi kubwa la maji, na mahali pa kulala nje usiku wa joto. Huyo hakimbii habari mbaya, kwa sababu hapo ndipo kwao.

Ukivuka daraja

Wapo wanaosema: basi vuka daraja la mto Tana. Ukishavuka umeingia Kaunti ya Tana River, uko Madogo, na bei ya ploti inapungua huku Garissa ukiiona kwa macho. Mfanyakazi anaweza kulala Madogo na kufanya kazi ng'ambo. Hoja hiyo ina akili, na hufanya kazi vizuri wakati wa jua.

Novemba 2023 mvua za El Niño ziliukata mji wa Garissa na barabara ya Nairobi. Aprili 2024 mto ukafurika tena, barabara kati ya Madogo na mjini ikamezwa, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua pale ambapo juzi palipita mabasi. Tarehe 28 Aprili mashua moja ikapinduka Kona Punda, watu wakafa maji. Ploti za bondeni zilizouzwa kama "za mbele ya barabara" zikawa za chini ya maji.

Bei ya chini mara nyingi ni kumbukumbu ya jambo ambalo wenyeji wanalijua na mgeni halijui. Kwa hiyo usiende kuiona ploti Januari au Agosti. Nenda mvua ikinyesha. Waulize akina mama wanaouza chai kando ya barabara maji ya 1997, ya 2023 na ya 2024 yalifika wapi, nao watakuonyesha kwa kidole bila kukudai chochote. Dalali hana sababu ya kukumbuka. Muuza chai anayo, maana alihamisha meza yake.

Mpangaji hatoki kwenye ramani

Aina nyingine ya ploti nafuu huuzwa kwa ahadi. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua LAPSSET mjini Lamu, akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia: bandari, reli, bomba la mafuta na barabara kuu inayopita Garissa na Isiolo. Kesho yake kila kichaka kando ya mstari huo kilikuwa na mwenyewe. Isiolo ikapata uwanja wa ndege wa kimataifa ambao ndege zake bado ni za kuhesabika. Lamu, serikali yenyewe ikatangaza mwaka 2014 kufuta hati za ekari karibu 500,000 zilizogawiwa kampuni za ranchi. Zaidi ya miaka kumi baadaye, reli bado haijaonekana.

Hata mradi unaokamilika unaweza kumhadaa mwenye nyumba. Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, wa zaidi ya megawati 50, ulizinduliwa Desemba 2019. Mtambo wa namna hiyo huhitaji mamia ya mafundi unapojengwa na watu wachache tu ukishawaka. Wajenzi hulipa vizuri, hupandisha kodi za mtaa mzima, kisha hufunga virago wiki moja. Usijenge nyumba ya miaka 30 kwa ajili ya mpangaji wa miezi 18. Subiri uone nani ameanza kufungua duka la dawa na shule ya chekechea, maana hao wamekuja kukaa.

Eastleigh haikupanda kwa sababu ilikuwa rahisi

Atatokea mtu aseme: maneno haya yangewatisha hata waliotangulia Eastleigh. Ni kweli mtaa huo ulikuwa umechakaa. Ulijengwa wakati wa ukoloni, Wahindi wengi wakaishi pale, kisha wakahama baada ya uhuru, na majumba yakaachwa bila rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakimbizi wa Kisomali waliotoka vitani walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Usiku walilala humo, mchana walitandaza nguo kitandani wakauza. Wateja walipozidi wageni, nyumba ya kulala ikageuka soko la ghorofa, na nyingine zikaiga.

Hadithi hiyo husimuliwa kama ushahidi kwamba mtaa wa rahisi hulipa. Mimi naisoma vingine. Tangu miaka ya 1990 mitaa mingi ya Nairobi ilikuwa rahisi na imebaki vivyo hivyo. Eastleigh ilipanda kwa sababu pesa zake zilitoka pande nyingi: bidhaa kutoka Dubai, wanunuzi kutoka Kampala, Arusha, Goma na Juba, akiba za wafugaji wa Garissa, na fedha za walio ng'ambo. Kwa hiyo hata ilipopigwa haikuzimika. Serikali iliagiza mwishoni mwa 2012 wakimbizi wa mijini warudishwe kambini, na Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo 2013. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch, maelfu wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na baadhi ya wafanyabiashara wakahamishia mitaji Kampala. Aprili 2015 kampuni 13 za kutuma pesa zikafungiwa leseni kwa miezi miwili hivi. Kila mara kodi zilitikisika, kila mara zikarudi, kwa sababu mfuko mmoja ulipofungwa mingine ilikuwa wazi. Dadaab haina mfuko wa pili wa kutosha. Hapo ndipo tofauti ilipo, wala si kwenye bei ya mawe.

Karatasi kabla ya saruji

Sasa tuseme umeridhika na wapangaji. Je, unayemlipa anacho anachokuuzia? Kaskazini Mashariki, swali hili limewameza wengi kuliko mafuriko. Sehemu kubwa ya ardhi hapa ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba pale ambapo ardhi hiyo haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishika kwa amana tu, na imekatazwa kuiuza au kuigeuza ya mtu binafsi. Hivyo basi karatasi yenye mhuri wa mzee na saini ya chifu inaweza kukupatia amani na majirani, na amani hiyo ina thamani yake, lakini haikupi umiliki ambao mahakama italazimika kuutambua. Barua ya mgao nayo bado si hati miliki. Nenda ofisi ya msajili wa ardhi, fanya sachi, ona jina la mwenye hati, muda uliobaki wa ukodishaji na madeni ya ada za ardhi. Ukiambiwa "hati iko njiani", nawe mwambie pesa ziko njiani.

Kwa mkimbizi mlango ni mwembamba zaidi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, imemfungulia zaidi njia ya kufanya kazi na biashara, lakini haikumpa hati ya ploti. Matokeo yake tunayaona: aliyechuma Dagahaley anamnunulia nyumba raia, kwa jina la binamu, kwa jina la mke wa rafiki, kwa jina la mtu aliyekutana naye msikitini. Binamu akifa, warithi wake hawakujui. Kama huna budi kushirikiana na raia, muandikishiane kwa wakili, mkiwa mmetaja mtaji wa kila mmoja na mgao wa kodi, na ukodishaji wenyewe usajiliwe. Udugu wa kweli haukasiriki kwa kuandikwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema pia fimbo ya mbali haiui nyoka. Tufanye hesabu ya mfano kwa mwenye nyumba anayeishi mbali. Tuseme umenunua na kujenga kwa shilingi 3,000,000, ukapata vyumba vitano vya shilingi 6,000 kila kimoja. Kwa mwaka ni shilingi 360,000, asilimia 12 ya mtaji, na dalali ataishia hapo. Ondoa miezi miwili ya vyumba kukaa wazi: zimebaki 300,000. Mlipe keateka 5,000 kwa mwezi: 240,000. Ushuru wa mapato ya kodi za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote kwa anayepokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka, ni shilingi 22,500. Matengenezo na maji, weka 30,000. Safari mbili za kwenda kuona kilichotendeka, 30,000 nyingine. Mkononi una shilingi 157,500, asilimia 5 na kidogo. Mtaji utarudi baada ya miaka 19.

Kwa ndugu yetu wa Minneapolis hesabu ni kali zaidi. Kenya humtoza mwenye nyumba asiye mkaazi asilimia 30 ya kodi yote, bila kuondoa gharama. Badala ya 22,500 atalipa 90,000, naye atabaki na shilingi 90,000, yaani asilimia 3. Ploti ile ile, vyumba vile vile, na miaka 33 ya kungoja. Hakuna dalali aliyewahi kumwambia hilo kwenye WhatsApp.

Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa riba. Zipo benki zinazofuata sharia, Gulf African na ile ya First Community iliyonunuliwa na Premier ya Somalia mwaka 2023, lakini akiba kubwa hutoka kwenye ayuuto na hagbad, vikundi vya kuchangiana zamu kwa zamu. Hilo hutupa nafasi ya kupumua: hakuna mnada vyumba vikikosa watu. Ila tusijidanganye kwamba hakuna deni. Aliyejenga kwa benki hudaiwa na meneja. Aliyejenga kwa hagbad hudaiwa na shangazi zake, na shangazi hawana likizo.

Kwa sababu hiyo, mji mzuri wa mbali ni ule wenye mtu wako anayelipwa vizuri kwa kazi ya kuutazama. Jamaa asiyelipwa atakusanya kodi kwa hisani, atakopa kwa udugu, na hutakuwa na uso wa kumuuliza. Mpe asilimia yake, mdai risiti na picha za mita kila mwezi, na kodi zipite kwenye namba moja ya malipo unayoiona mwenyewe kwenye simu. Ukiwa huna mtu wa namna hiyo Mwingi, basi Mwingi kwako ni ghali, hata ploti ikitolewa bure.

Tunachopaswa kudai

Juu ya hesabu za mtu mmoja mmoja kuna jambo la kaunti nzima. Kwa zaidi ya miaka 30, kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera zimezalisha biashara, na akiba ya biashara hiyo imepanda basi kwenda Nairobi kujenga maghorofa. Tunawalaumu wenye pesa kwa kutojenga kwao. Mimi siwalaumu. Wamefanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye akili aliyeambiwa mara tatu kwamba mahali pake patafungwa, na ambaye hakuna ofisi inayoweza kumpa karatasi ya kibanda chake.

Tarehe 28 Machi 2025 William Ruto, safari hii akiwa Rais, alizindua Mpango wa Shirika wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Miaka kumi kabla alitaka zihamishwe kwa miezi mitatu. Dadaab imeshapewa hadhi ya manispaa. Manispaa isiyo na rejista ya ardhi, hata hivyo, ni jina tu. Serikali ya Kaunti ya Garissa isaidie jamii za wenyeji kusajili ardhi yao chini ya sheria ya 2016, ili jamii iwe na hati, itoe ukodishaji wa miaka inayojulikana, ipokee sehemu yake, na mkimbizi mwenye mtaji apange ardhi kwa jina lake mwenyewe. Wenyeji wana hofu ya kupokonywa malisho, na hofu hiyo ni ya haki; dawa yake ni usajili wa jamii, wala si kuendelea na mikataba ya mdomo ambayo mjanja mmoja anaweza kuiuza usiku.

Hayo yakifanyika, Dagahaley itapata mfuko wa pili na wa tatu: karakana, vichinjio, shule za binafsi, maghala yanayohudumia Liboi na ng'ambo ya mpaka. Yasipofanyika, yeyote anayeniuliza ajenge wapi nitamwambia atafute mji ambao walipaji wake ni wengi na hawategemeani, ambao hati yake inasomeka kwa msajili, ambao ameuona mvua ikinyesha, na ambako ana mtu wa kumlipa autunze. Mji huo ukiwa ghali kidogo, anunue kipande kidogo. Chumba kimoja chenye mpangaji kina faida kuliko vyumba vitano vyenye kufuli.